Kaza, Legeza

Ti.

Kimya. Kisha tena: ti... ti-ti.

Yeshareg alifumbua macho gizani akatega sikio. Bomba la uani lilikuwa limekauka tangu juzi, na kabla ya kulala alikuwa ameweka beseni la bati chini yake, kama wafanyavyo wanawake wote wa mtaa ule, maana maji ya mjini yana tabia ya mwizi: huja watu wakiwa wamelala, huondoka kabla hawajaamka. Tone moja likadondoka peke yake. Mawili yakafuatana kama yanayokimbizana. Ubavuni pake Aynalem, bintiye wa miaka mitano, alijigeuza akacheka usingizini kama mtu aliyetekenywa mgongoni.

"Nini, mwanangu?"

Mtoto alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mkono mmoja juu ya mto wa babake.

Yeshareg akamfunika vizuri, akajitanda shela yake nyeupe, akatoka na mshumaa. Baridi ya Addis Ababa ilimpokea mlangoni kama mkwe asiyemtaka. Leo ilikuwa Gena, Krismasi yetu, ile inayofika wakati wengine wamekwisha kuisahau ya kwao. Mfungo ulikuwa umekwisha. Kila ua ulinukia vitunguu vilivyokaangwa taratibu usiku kucha, na kuku walikuwa wamekwisha kujua habari yao. Hata yeye alikuwa amechinja kuku, mmoja, mwembamba, na mapande mazuri alikuwa ameyatenga pembeni. Hayo yalikuwa ya mkebe.

Mkebe ule wa bati ndio uliokuwa ukimwamsha na kumlaza tangu Sahlu, mumewe, achukuliwe mwishoni mwa mvua kubwa. Kila siku aliujaza mikate ya injera na mchuzi, akaufunga kwa kitambaa, akaupeleka kwenye geti jeusi la gereza, akasimama kwenye foleni ya wanawake. Mkebe uliingia umejaa, ukatoka mtupu. Mwanzoni aliubusu kila uliporudi. Baadaye mama mmoja mzoefu wa foleni akamwambia, bila ubaya, "Mdogo wangu, mkebe mtupu si habari. Hata askari ana tumbo."

Habari ilikuwa nyingine. Habari ilikuwa pale askari alipokutazama, akatazama pembeni, akasema: "Kesho usilete." Hapo ulijua kwamba mtu wako hayupo tena. Juzi aliambiwa hivyo mwanamke aliyekuwa mbele yake, mwenye kilemba cha kijani. Hakulia. Alinyoosha mikono miwili akasema, "Basi nipeni mkebe wangu." Tangu hapo Yeshareg alikuwa hali akashiba.

Jana mkebe ulikuwa umerudi giza limeshaingia, akautupa pembeni ya jiko kwa uchovu. Sasa aliushika, akaugeuza, akaanza kusugua masizi ya kitako kwa majivu na maji ya kwanza ya beseni. Masizi yakatoka. Chini yake zikaonekana alama, kama mtu aliyeparuza kwa mpini wa kijiko au kwa msumari. Akasogeza mshumaa.

Yalikuwa maneno mawili. *Gena ale.*

Maneno yale aliyajua kama anavyojua jina lake. Ndiyo yaliyokuwa mwisho wa kila ubeti katika shairi la mumewe, shairi lilelile alilokuwa nalo limekunjwa kifuani, shairi ambalo leo, mchana, ilimbidi asimame mbele ya mtaa mzima na kulisoma.

*

Lugha yetu ina mtego ambao kalamu haiujui. Herufi moja unaweza kuitamka ikiwa legevu, au ukaikaza, ukaibana kidogo kwa ulimi kabla ya kuiachia, na maana ikageuka kabisa. Lakini ukiiandika, legevu na iliyokazwa zinafanana kama mapacha. Ni kama Mswahili anapoandika barabara: mpaka umsikie ndipo ujue anasema njia au anasema sawasawa. Basi na maneno yale mawili ni hivyo. Ukiyakaza yote mawili, umesema: Gena ipo, sikukuu imefika. Ukilegeza la kwanza ukakaza la pili, umesema: bado yupo. Na ukiyalegeza yote mawili, umesema: "Bado," alisema.

Ndani ya mtego huo Sahlu alikuwa anaishi kama samaki majini. Yeye na wenzake walikutana pale nyumbani kila Jumamosi, wakakaa kwenye vigoda kuzunguka buli la kahawa, na mambo yao yalikuwa na utaratibu. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha umbea. Cha pili kilikuwa cha mashairi. Cha tatu, ambacho sisi hukiita baraka, kilikuwa cha kuchambuana, na hapo baraka yenyewe ilikuwa haionekani, maana waliraruana mpaka majirani wakagonga ukuta. Wote waliamini kitu kimoja: kwamba shairi lina nta na dhahabu. Sonara hufinyanga nta kwanza, nta ndiyo inayoonekana. Kisha dhahabu humiminwa, nta ikayeyuka. Asiyejua hubaki na nta mkononi, akaenda zake amefurahi.

Shairi la Gena Sahlu alilitunga kwa ajili ya rafiki yao mmoja aliyechukuliwa mwaka uliotangulia, asirudi. Alilitunga akitembea, kutoka mlangoni hadi kitandani na kurudi, maana yeye alikuwa haandiki neno mpaka amelisema likakaa. Kisha akalipeleka kwa wakaguzi. Mkaguzi akalisoma kwa macho, na macho hayana ulimi. Akaona sikukuu, fimbo za mchezo, kahawa, Gena ipo. Akapiga muhuri.

Sahlu hakukamatwa kwa shairi hilo. Alikamatwa kwa nini hasa, hakuna aliyemwambia mkewe.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa mtaa, Ndugu Teshager, alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda cha Sahlu bila kukaribishwa.

"Dada Yeshareg, watu wanasema tunafunga washairi."

"Mimi sijasema, Ndugu Mwenyekiti."

"Sikusema wewe. Mumeo ana shairi zuri la sikukuu, muhuri linao. Ulisome uwanjani kabla ya mchezo wa fimbo. Wewe, mke wake, na nguo yako nyeupe. Watu wakuone umetulia. Ukimaliza vizuri, barua ya dhamana ya mtaa nakupa palepale, na bila barua hiyo hakuna anayetoka kwenye lile geti, unajua." Alisimama, akajipangusa suruali. Mlangoni akageuka. "Nimesema ukimaliza vizuri. Naambiwa kuna watu wanalisoma vibaya."

Kumbe alijua.

*

Jua lilikuwa halijapata nguvu walipokuja wale wawili waliobaki katika kundi la Jumamosi. Mzee Zewdu alitangulia, fimbo mkononi, mtu aliyekuwa akisoma habari redioni mpaka sauti yake ikawa mali ya nchi. Nyuma yake Kifle, msahihishaji wa gazeti la serikali, mwembamba kama sigara zake, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Heri ya Gena, shemeji! Kuku ananukia mpaka barabarani. Nimemwambia mzee apunguze mwendo asionekane ana njaa."

"Mwongo huyu," Mzee Zewdu alisema. "Alikuwa anakimbia. Heri ya Gena, mwanangu. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko uani, anamwambia jogoo wa jirani kwamba zamu yake ni mwakani."

Wakacheka. Lakini Yeshareg alikuwa hana kicheko cha kuongeza. Aliwasubiri wakae, akawamiminia kikombe cha kwanza, kisha badala ya umbea akaweka mkebe katikati yao, kitako juu.

Kifle aliinama. Kofia ikamwanguka. "Mama yangu!"

"Umerudi jana," Yeshareg alisema. "Nimeyaona alfajiri."

Mzee Zewdu alitoa miwani, akaifuta, akaivaa, akaitoa tena. Alisoma kwa midomo bila sauti, na Yeshareg akawa anaitazama midomo hiyo kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Midomo ilijaribu hivi, ikajaribu vile.

"Bado yupo!" Kifle alisema, akapiga goti lake. "Imekwisha! Anatuambia tulisome hivyo. Shemeji, leo uwanjani, mbele ya yule mwenyekiti mnene, legeza kaza! Watu wasikie kwamba bado yupo. Yeye, na yule aliyetangulia, na wote!"

"Punguza sauti," Mzee Zewdu alisema. "Wewe ukipewa neno moja unaandamana nalo. Hivi umeona wapi kama ametukazia? Mimi naona amelegeza yote. 'Bado,' alisema. Anatuambia tusubiri. Msilisome. Wakati wake bado."

"Mzee, wewe umezoea kusubiri. Hata tangazo la kifo ukilisoma redioni watu walikaa wakisubiri wimbo."

"Na wewe umesahihisha makosa ya wakubwa mpaka wamepandishwa vyeo. Nani kati yetu amelitumikia gazeti?"

"Nimesahihisha herufi, mzee, sikusahihisha moyo!"

"Moyo wako uko salama nyumbani kwa mama yako. Wa huyu binti ndio utakaosimama uwanjani."

Kifle alimgeukia Yeshareg, na safari hii hakuwa anatania. "Shemeji, nisikilize. Ukilisoma kwa nta, *Gena ipo, sikukuu imefika*, watu watasema mke wake mwenyewe amekubali. Utakuwa umemzika kwa mdomo wako. Sahlu asingekubali. Unajua asingekubali."

"Na akilisoma kwa dhahabu," Mzee Zewdu alisema taratibu, "barua hakuna. Na kesho anaulizwa mtoto abaki na nani."

Walibishana mpaka kikombe cha pili kikapoa. Walichambua mikwaruzo kama walivyochambuana Jumamosi zote: neno la kwanza limeparuzwa kwa nguvu zaidi, hapana, hapo bati ni laini, nafasi kati ya maneno ni ya mtu aliyevuta pumzi, hapana, ni ya mtu aliyesikia hatua za askari. Mzee Zewdu, aliyesomea shule ya kanisa, alitafuta kwa miwani ile nukta ambayo walimu wa zamani huweka juu ya herufi ya kukazwa. Hakuna nukta. Mkebe wenyewe ulikuwa umeparuzika na kubonyea kila mahali, kwa mageti, kwa mawe ya foleni, kwa miguu ya watu.

Yeshareg alikuwa anawasikiliza, na baridi ikimpanda kutoka miguuni. Yeye alikuwa na usomaji wake ambao hakuna aliyeutaja. Aliusema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Na kama si yeye aliyeandika?"

Wakamtazama.

"Msumari hauna mwandiko," alisema. "Labda ni askari tu, ameandika salamu ya sikukuu. Gena ipo. Labda mkebe huu umeshikwa na mtu mwingine, anakula chakula cha Sahlu, anamshukuru mpishi. Ninyi mnagombana amesema nini. Mimi sijui kama bado ana mdomo."

Kifle aliokota kofia yake akaishika kwa mikono miwili. Nje Aynalem alikuwa anaimba, anagonga ndoo kwa kijiti: ti, ti-ti. Yeshareg akamimina kikombe cha tatu, baraka, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue walikinywa bila kuchambua kitu.

*

Uwanja wa nyuma ya kinu ulikuwa mweupe kwa shela. Vijana wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini walikuwa wamejipanga na fimbo zao zilizopinda, mpira wa mti ukirushwa huku na huku, na matusi ya sikukuu yalikuwa yameanza. Siku ya mchezo wa Gena mtwana anamwimba bwana wake na bwana anatakiwa acheke. Ndiyo ada, mababu waliiacha.

"Mwenyekiti wetu ana kiti!" aliimba mmoja wa mtaa wa chini.

"Kimefanyaje?" wakaitikia wenzake.

"Jana kimemwita mama yake!"

"Kimesemaje?"

"Mama, njoo unisaidie, anataka kukaa tena!"

Uwanja ukapasuka kwa vicheko. Ndugu Teshager, aliyekuwa mbele kabisa kwenye kiti hichohicho, alicheka pamoja nao na kuinua mkono. "Siku ya Gena bwana hakasiriki!" alisema kwa sauti kubwa. Meno yake yalikuwa yanacheka. Macho yalikuwa yamebaki kazini. Juu ya goti lake palikuwa na bahasha, na alikuwa akiipigapiga kwa kidole.

Yeshareg aliitazama bahasha ile, akatazama kidole, akaitwa.

Alitembea hadi katikati, mtoto amemshika shela. Kutoka hapo angekwenda moja kwa moja kwenye geti, ndiyo maana Aynalem alikuwa ameupakata mkebe, umefungwa kitambaa, una kuku wa moto ndani. "Kaa hapa miguuni mwangu," alimnong'oneza. "Usiuangushe. Mama anasoma kidogo, kisha tunampelekea Baba."

"Una joto," mtoto alisema kwa kuridhika, akakaa chini, akapenyeza mikono yote miwili chini ya kitambaa, kwenye kitako cha mkebe.

Kifle alikuwa mstari wa mbele, kofia mkononi, anamtazama bila kupepesa. Mzee Zewdu alikuwa kando yake, ameegemea fimbo, ametazama chini. Kelele zikatulia. Yeshareg alifungua karatasi. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye masomo ya jioni, na mpaka leo herufi zilimjia moja moja kama wageni wenye haya. Lakini hili hakuhitaji kulisoma. Alilijua kwa hatua za Sahlu, kutoka mlangoni hadi kitandani.

*"Fimbo zimepinda tayari, mpira umo nyasini,*
*wachezaji wameitwa, mmoja hayumo uwanjani;*
*waulizeni majirani, liulizeni geti lina nini..."*

Hapo akavuta pumzi. Uwanja mzima ulivuta pamoja naye. Hata wasiojua mashairi walijua kwamba kuna kitu kinakuja, maana Ndugu Teshager alikuwa ameacha kuipigapiga bahasha.

Na katika kimya kile, chini, miguuni mwake, akasikia sauti ndogo ikiimba peke yake, kama mtoto aimbavyo akichezea kidole gumba:

"Legeza... kaza. Legeza... kaza."

Yeshareg alishusha macho. Mikono ya Aynalem ilikuwa chini ya kitambaa, na alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Legeza," mtoto alisema, bega la kulia likisogea kidogo, "kaza," na bega likasogea mara mbili.

Alilijua bega lile. Aliliona kila usiku, miezi na miezi, kabla ya nyumba kunyamaza: Sahlu ameketi ukingoni mwa kitanda, mtoto amelala kifudifudi, na vidole vya babake vinatembea mgongoni mwake, bega likivifuata. Kidole kimoja, herufi legevu. Vidole viwili vikifuatana upesi, herufi iliyokazwa. Mtoto alitakiwa kubahatisha neno kwa mgongo tu, bila kuona, bila kusikia. Akipatia, anatekenywa. Akikosea, anatekenywa zaidi. Yeshareg aliuona mchezo ule kama upuuzi mtamu wa baba na binti, akawaambia mara ngapi, jamani laleni, makaa yanakwisha.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyeujua mchezo huo. Hata Kifle. Hata Mzee Zewdu.

Kitakoni mwa mkebe, basi, kwa ndani, mtu alikuwa amesukuma kwa mpini wa kijiko mpaka bati likatoa kipele nje: kipele kimoja chini ya neno la kwanza, viwili chini ya la pili. Jicho halikuweza kuvitofautisha na mabonyeo ya geti. Askari hakuviona, miwani ya Mzee Zewdu haikuviona. Vilikuwa vimeandikiwa kidole. Vilikuwa vimeandikiwa kidole kidogo, kinachopenda joto la mkebe.

Alikuwa hai. Juzi au jana alikuwa hai, ameketi mahali fulani amepakata mkebe huu, anaufikiria mgongo wa mtoto. Na hakuwa anazungumzia shairi! Hapo Yeshareg nusura acheke mbele ya watu wote. Washairi wawili nyumbani mwake, watu wa nta na dhahabu, walikuwa wamechimbua mkebe ule asubuhi nzima wakitafuta amri: lisomeni hivi, msilisome, subirini. Kumbe mtu alikuwa anamwambia mke wake tu kwamba hajafa.

"Dada Yeshareg," alisema Ndugu Teshager. "Tunasubiri."

Mstari wa mbele, midomo ya Kifle ilikuwa inaunda maneno bila sauti. *Legeza. Kaza.* Midomo ya mtoto ilikuwa inayasema yaleyale. Yeshareg alihisi dhahabu imemjaa kinywani, ya moto, inataka kumiminika, na laiti angekuwa peke yake milimani angeipigia kelele mpaka mawe yaitikie. Bado yupo! Lakini aliyekufa ndiye anayehitaji shairi limtetee. Aliye hai anahitaji barua.

Aliinua kichwa. Aliubana ulimi juu ya neno la kwanza, akaubana juu ya la pili, akaikaza herufi mpaka hakuna mtu uwanjani angeweza kudai kwamba hakusikia.

*"Gena ipo!"*

Kitu kikashuka mabegani mwa watu. Wengine walipiga makofi. Kifle alifumba macho kama mtu aliyepigwa kofi. Yeshareg akaendelea, sauti yake sasa imepata miguu:

*"Kikombe cha kwanza tumenywa, cha pili tumeondoa,*
*cha tatu kina mwenyewe, hakitakaa kikapoa;*
*liulizeni kaa la mekoni, litajibu likikohoa:*
*Gena ipo!"*

Kaza, kaza. Kila ubeti. Alikaza kama anavyokaza fundo la kitambaa cha mkebe, ili kisimwagike kitu njiani. Alipomaliza, makofi yalikuwa ya adabu, kama ya kanisani. Kifle alivaa kofia, akageuka kuondoka. Mzee Zewdu akamshika koti kwa nyuma bila kumtazama, akamshikilia hapohapo.

"Si vibaya," Kifle alisema kwa sauti ya kusikika. "Nta safi kabisa. Tutatengenezea mishumaa."

Yeshareg alimsikia. Ilimchoma, naye akaiacha imchome. Angemweleza jioni, angemshika kidole chake chenye madoa ya sigara na kukiweka chini ya mkebe. Sasa alikuwa anatembea kuelekea kwenye kiti.

Ndugu Teshager alisimama. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa dukani na kutafuta tundu. Hakuliona. "Umesoma vizuri," alisema, na akamkabidhi bahasha. Yeshareg aliipokea kwa mikono miwili, akaitia kifuani papo hapo, chini ya shela, mahali lilipokuwa shairi. Muhuri wake ulikuwa bado una unyevu. Alihisi ubaridi wake kwenye ngozi.

"Asante, Ndugu Mwenyekiti."

"Peleka leo. Mkuu wa zamu namjua, sikukuu hii hana kinyongo." Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama na siku ilikuwa ya kuonekana mwema, alijikunja kwa shida mpaka akachuchumaa mbele ya Aynalem. Mtaa wa chini ukaanza kuguna kwa kicheko, mmoja akasema, "Kiti kinapumua!"

"Na wewe, binti mzuri," Ndugu Teshager alisema, sauti yake ya mbele ya watu. "Mama amesoma shairi la Baba. Umelisikia?"

Aynalem aliitikia kwa kichwa.

"Haya, nawe niambie. Linasemaje mwishoni?"

Yeshareg alinyoosha mkono kumvuta mtoto, mkono ukafika begani na kukwama hapo. Vicheko vilikuwa vimekatika. Vijana walikuwa wameshusha fimbo. Kifle alikuwa amegeuka. Mzee Zewdu alikuwa ameinua uso kutoka kwenye fimbo yake, na midomo yake mizee, iliyozoea kusemea nchi nzima, ilikuwa imekaa wazi kama ya mtoto shuleni.

"Siku ya Gena bwana hakasiriki," sauti fulani ilisema kutoka nyuma, taratibu, si kwa kutania. Mwingine akairudia. Na mwingine. Ndugu Teshager aliisikia, mishipa ya shingo ikamsimama, na bado alikuwa amechuchumaa, anangoja, hawezi kuinuka kabla hajajibiwa.

Aynalem aliupakata mkebe vizuri. Alipitisha kidole mara ya mwisho chini yake, polepole, kuhakikisha, kama babake alivyomfundisha asiseme neno mpaka likae. Kisha akainua macho, akamtazama mwenyekiti usoni, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye ukuta wa kinu:

"Baba bado yupo."